Usambara: kamera inavyoona udongo ukishuka na mvua

TANZANIA – Kati ya Machi na Mei, mvua za masika huifunika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kwa mgeni aliyefika Lushoto kutembea na kupiga picha, siku hizo huweza kuonekana kuwa za hasara. Ukungu huficha nyanda zinazotazamwa kutoka mwamba wa Irente, vijia huteleza, na kamera hurudishwa mkobani. Hata hivyo, anayetoka nayo siku ya mvua huona jambo ambalo siku ya jua haimwonyeshi: njia yanakopita maji, na udongo unaoondoka nayo.

Mvua hiyo ina asili yake. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu. Ukiikuta milima hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, hadi unyevu ukageuka matone. Ndiyo sababu misitu ya Amani, upande wa mashariki, na Magamba, upande wa magharibi, husitawi, ilhali nyanda za Mkomazi zilizo nyuma ya milima hiyo ni kame. Msafiri anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, njia ya kilomita zipatazo 33 inayopita karibu na maporomoko ya Soni, huyaona mabadiliko hayo kwa macho yake.

Nuru ya siku ya mawingu

Wapiga picha wenye uzoefu hawaichukii siku ya mawingu. Wingu hutawanya nuru ya jua, vivuli vikali hutoweka, na uso wa mtu, jani na jiwe huonekana kwa ulinganifu. Udongo uliolowa hugeuka mweusi au mwekundu uliokolea, kwa kuwa maji hupunguza nuru inayorudi machoni. Mpaka baina ya udongo ulio wazi na ule uliofunikwa kwa majani hudhihirika kuliko wakati wa kiangazi.

Hata tone lenyewe huacha ushahidi. Tone kubwa la mvua, lenye upana wa milimita 5, huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Kamera ikiruhusu nuru iingie kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, tone hilo litakuwa limesafiri sentimita 15, nalo huonekana pichani kama uzi. Muda huo ukipunguzwa hadi sehemu moja ya 1,000, litasogea milimita 9 tu.

Kasi hiyo si habari ya wapiga picha peke yao. Tone likipiga udongo usio na kifuniko, huvunja chembe zake na kuzirusha pembeni. Likikuta jani, nyasi au makapi ya migomba, nguvu yake huishia hapo. Kwa hiyo picha ya kwanza ya kutafutwa si ya bonde wala ya maporomoko, bali ya sehemu ya chini ya mmea wa maharage: majani yaliyojaa madoa ya tope yanaonyesha kwamba udongo wa hapo umeanza kuhama. Picha ya pili ni ya rangi ya maji. Kijito kinachotoka msituni kwa kawaida hubaki cheupe, ilhali kile kilichopita katika mashamba yasiyokingwa hushuka kikiwa cha hudhurungi. Picha ya tatu ni ya vifereji vyembamba vinavyochimbika shambani, ambavyo vikiachwa misimu kadhaa huwa makorongo.

Ardhi yenye kumbukumbu

Udongo wa Usambara una historia nzito. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, ambao baadaye ulienezwa sehemu nyingine za milima hiyo. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta. Kazi ilikuwa ngumu, tena ya kushurutishwa, na watu wengi waliipinga hadi mpango ukaachwa mwaka 1957.

Si kwamba Wasambaa hawakuijali ardhi yao. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechunguza maisha ya watu hao, ameeleza maneno mawili ya Kisambaa yaliyobeba siasa yao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala alipimwa kwa mvua iliyonyesha kwa wakati wake na kwa chakula kilichopatikana. Katika miaka ya 1980, mradi mwingine wa hifadhi ya udongo ulihimiza kupanda miti na majani ya malisho kwa kufuata mkingamo wa mteremko, na mkulima aliyalisha majani hayo kwa ng'ombe wake. Kinga iliyomletea mkulima faida ilikuwa na sababu ya kudumu.

Kumbukumbu yenye manufaa

Picha moja ya mvua inapendeza, lakini haithibitishi mengi. Yenye manufaa ni ile inayorudiwa. Mtembezi huchagua alama isiyohama, kama jiwe kubwa au kona ya nyumba, akasimama mahali pale pale na kuelekeza kamera upande ule ule: kabla ya masika, wakati wa mvua na baada yake. Fimbo yenye urefu unaojulikana ikisimikwa ndani ya picha husaidia kupima upana wa ufa au kina cha mfereji. Tarehe na jina la mahali viandikwe siku hiyo hiyo. Simu ya kawaida yatosha kwa kazi hii.

Chombo nacho kinahitaji hifadhi. Mfuko wa plastiki uliotobolewa mahali pa lenzi, mwavuli na kitambaa kikavu cha pamba huweza kutosha. Kioo cha simu kikilowa hukosea kuitambua kugusa ya kidole, na simu iliyolowa haifai kuchajiwa mpaka ikauke. Anayeingia katika nyumba yenye joto akitoka kwenye baridi aiache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda, ili ukungu usitande kwenye lenzi.

Hakuna picha inayostahili uhai wa mtu. Ikiwa kati ya umeme na radi hazitimii sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10. Ni wajibu kushuka kutoka kilele, kukimbilia nyumba imara na kutojikinga chini ya mti ulio peke yake. Maji ya kijito yanayopanda hayavukwi. Ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama na chemchemi iliyogeuka tope ghafla ni dalili za maporomoko: mtu aondoke, kisha awaarifu wakazi na viongozi wa kijiji. Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vilishukia mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Adabu pia ina nafasi yake. Mkulima aliyelowa akiokoa mazao yake hapigwi picha kabla ya salamu na ruhusa, wala shamba lake lililobomoka halionyeshwi kwa watu bila yeye kujua.

Kwa msikilizaji wa Burundi, mambo haya hayako mbali. Milima ya Mumirwa huteremka ghafla kuelekea tambarare ya Imbo, na mto Ntahangwa hupita katikati ya Bujumbura ukila kingo zake kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Mafuriko ya Februari 2014 kaskazini mwa jiji hilo yaliua watu zaidi ya 60. Picha za mahali pamoja, zikipangwa kwa tarehe na kuwekwa mbele ya mkutano wa mtaa au wa kilima, huwawezesha majirani kuona ukingo umerudi nyuma kiasi gani, na kukubaliana ni wapi pa kupanda majani, ni wapi pa kuchimba mkinga maji, na ni nyumba ipi inayopaswa kuhamwa kabla ya masika mengine.