Kisigino Kinachouma Asubuhi

Mtu anayeumwa kisigino akipigwa eksirei, mara nyingi picha huonesha kijimfupa kilichochongoka chini ya kisigino. Hukumu hutolewa hapo hapo: mfupa umeota. Mgonjwa hurudi nyumbani akiamini kwamba kila akikanyaga, mwiba ule unamchoma nyama, na wengine huanza kuulizia bei ya kuukata. Kumbe watu wengi wana vijimfupa hivyo na hawajaumwa hata siku moja, na wapo wanaochechemea ilhali picha zao ni safi.

Mkosaji hasa ni mkanda wa nyuzi ngumu ulio chini ya unyayo, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi kwenye mashina ya vidole. Huushikilia uvungu wa unyayo kama kamba inavyoushikilia upinde usinyooke. Mwaka 1954 mtafiti wa Uingereza, J. H. Hicks, alieleza kwamba vidole vikipinda kwenda juu, mkanda huo hukazwa na uvungu huinuka, mguu ukapata nguvu ya kusukuma ardhi. Mzigo ukizidi, nyuzi huchakaa pale zinaposhikana na mfupa. Usiku kucha mkanda umelegea. Hatua ya kwanza kutoka kitandani inauvuta ghafla, na hapo mtu hujikuta akishika ukuta. Akitembea kidogo hupata nafuu, kisha maumivu hurudi akisimama sana.

Madaktari huuita ugonjwa huu planta fasaitisi. Takriban mtu mmoja kati ya 10 huupata maishani, hasa kati ya miaka 40 na 60. Uzito mkubwa wa mwili, misuli ya shavu la mguu iliyokaza na kazi ya kusimama huchangia. Mwalimu, mpishi au askari wa getini anayeshinda juu ya saruji na viatu vilivyolika soli yumo hatarini. Wanamichezo nao hawasalimiki: mwaka 2015 Peyton Manning, nyota wa mpira wa Kimarekani, alikosa mechi kadhaa kwa sababu ya mkanda huo, ingawa alirudi uwanjani na kutwaa ubingwa Februari 2016.

Mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walipima vipande vya mkanda kutoka kwa wagonjwa 50 waliopasuliwa. Walichokuta ni uchakavu, si uvimbe. Ndiyo maana vidonge vya kupunguza uvimbe hutuliza kwa muda tu. Sindano ya steroidi nayo huleta nafuu ya wiki chache, lakini inaweza kudhoofisha mkanda hadi ukakatika, au kupunguza mafuta yanayokinga kisigino. Si dawa ya kukimbilia.

Tiba yenyewe ni ya bei nafuu, na labda ndiyo sababu haiheshimiwi. Kabla ya kushuka kitandani, mgonjwa huweka mguu unaouma juu ya goti la pili, huvuta vidole kuelekea kwake hadi unyayo ukaze, huhesabu hadi 10, kisha hurudia mara 10. Hufanya hivyo mara tatu kwa siku.

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walijaribu zoezi gumu zaidi. Mgonjwa husimama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, taulo iliyoviringishwa ikiwa chini ya vidole, akainua kisigino na kukishusha polepole. Hufanya siku moja, akapumzika siku inayofuata. Akizoea, anavaa begi lenye vitabu mgongoni. Baada ya miezi mitatu, waliofanya hivyo walikuwa na nafuu zaidi kuliko wale wa mazoezi ya kunyoosha. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa sawa.

Pamoja na hayo, kandambili bapa ziwekwe kando hata ndani ya nyumba, na viatu viwe na soli nene. Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu.

Asisubiri, aende hospitali, yule aliyesikia kitu kikikatika ghafla, mwenye ganzi, homa au kisigino kilichovimba na kuwa chekundu, anayeumwa hata akiwa amelala, au mwenye kisukari.