Nomino, Kishazi cha "kwamba" na Modaliti katika Kiswahili: Mifano Kutokana na Suala la Makazi ya Katumba na Mishamo

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kiingereza, zipo nomino dhahania ambazo hufuatwa na kishazi kinachotaja maudhui yake. Miongoni mwa nomino hizo ni amri, ahadi, hofu, habari na uwezekano. Kishazi hicho aghalabu hutanguliwa na kwamba, ya kwamba au kuwa, na mara nyingi huwa na neno la modaliti, yaani neno linaloonyesha kuwa tendo ni la lazima, linaruhusiwa, linawezekana au linadhaniwa tu. Kwa upande wa Kiingereza, Schmid (2000) amezichunguza kwa mapana nomino za aina hii, na Palmer (1986) amepambanua modaliti ya ujuzi na modaliti ya wajibu. Kwa upande wa Kiswahili, sarufi nyingi, tangu ile ya Ashton (1944), zimetoa nafasi kubwa zaidi kwa ngeli na maumbo ya kitenzi.

Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba katika Kiswahili nguvu ya modaliti hugawanywa katika sehemu tatu: nomino yenyewe, neno la modaliti lililo ndani ya kishazi, na umbo la kitenzi. Msomaji anayeitazama sehemu moja tu anaweza kuichukua ruhusa kuwa amri, au amri kuwa utabiri.

Mifano imetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Si nukuu kutoka waraka wowote. Maudhui yake yanatokana na suala la raia wapya wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyo katika eneo la Mpanda, ambalo tangu mwaka 2012 limo katika Mkoa wa Katavi baada ya mkoa huo kumegwa kutoka Rukwa. Makazi hayo, pamoja na Ulyankulu mkoani Tabora, yalianzishwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Mwaka 2010 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Kupata hati za uraia kulifungamanishwa kwanza na kuhama makazini kwenda mikoa mingine. Mpango wa kuwahamisha ulisitishwa mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2014 hati zilitolewa bila ya kuwalazimu kuhama. Katika suala kama hili, tofauti baina ya wahame, watahama na si lazima wahame inahusu shamba, nyumba na makaburi ya wazazi.

2.0 Kishazi cha maudhui na kishazi rejeshi

Yafaa kwanza kutenganisha miundo miwili inayofanana kwa nje:

(1) (a) ahadi kwamba watapewa hati
 (b) ahadi ambayo walipewa

Katika (1a) kishazi kimekamilika: kina kiima na kitenzi chenye yambwa yake, na kinataja kile kilichoahidiwa. Katika (1b) kishazi kina pengo linalojazwa na nomino ahadi, wala hakisemi ni ahadi gani. Makala haya yanashughulikia muundo wa (1a) peke yake.

Muundo huo nao hauna budi kutengwa na ule wa kitenzi-jina:

(2) (a) sharti kwamba wahame
 (b) sharti la kuhama

Tungo (2b) ni fupi, na labda ndiyo sababu hupendwa katika lugha ya ofisi. Hata hivyo, haimtaji anayehama, wala haina nafasi ya kusema kama atahama, ahame au anaweza kuhama. Uzito wote wa modaliti umeachiwa nomino sharti.

3.0 Makundi matatu ya nomino

3.1 Nomino za utashi

Kundi hili lina amri, agizo, sharti, ombi na pendekezo. Maudhui yake ni tendo linalotakiwa litendeke. Kitenzi cha hali tegemezi, kisicho na kiambishi cha njeo, hutosha:

(3) (a) agizo kwamba wahame
 (b) ombi kwamba wabaki

Umbo la wahame na wabaki ni la aina moja. Kinachoifanya (3a) iwe ya kulazimisha na (3b) iwe ya kusihi ni nomino, si kitenzi. Linganisha sasa:

(4) (a) pendekezo kwamba wahame
 (b) pendekezo kwamba lazima wahame

Tungo (4b) haikuongeza msisitizo tu. Katika (4a) kinachopendekezwa ni tendo la kuhama. Katika (4b) kinachopendekezwa ni ulazima wenyewe, yaani kuwekwa kwa kanuni itakayowabana watu. Msomaji anayetaka kujibu (4a) atajadili faida za kuhama. Anayejibu (4b) atauliza ni nani mwenye mamlaka ya kulazimisha.

3.2 Nomino za taarifa

Kundi la pili lina habari, uvumi, dhana, madai na imani. Maudhui yake yanaweza kuwa kweli au uongo, na kwa hiyo kishazi chake hupokea njeo yoyote. Neno la modaliti ndani yake hubeba maana yake yote, kwani nomino haiongezi wala haipunguzi ulazima:

(5) (a) habari kwamba lazima wahame
 (b) uvumi kwamba huenda wakahamishwa

Baina ya makundi haya mawili zipo nomino za pande zote mbili, kama tangazo, ujumbe, barua na uamuzi. Hizi ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi:

(6) (a) tangazo kwamba watahama
 (b) tangazo kwamba wahame

Nomino ni ileile na kiunganishi ni kilekile. Katika (6a) tangazo linaarifu jambo litakalotokea. Katika (6b) linaamuru. Umbo la kitenzi ndilo linaloipa nomino maana yake, kinyume cha ilivyokuwa katika (3).

3.3 Nomino zenye modaliti ndani yake

Kundi la tatu lina uwezekano, ulazima, hofu na matumaini. Hapa nomino yenyewe ni ya modaliti, na neno jingine la modaliti likiingia ndani ya kishazi, matokeo huwa mawili:

(7) (a) uwezekano kwamba huenda wakahamishwa
 (b) uwezekano kwamba lazima wahame

Katika (7a) uwezekano na huenda vinapatana. Uwezekano unaotajwa ni mmoja tu, umesemwa mara mbili. Mhariri anaweza kufuta huenda pasipo hasara. Katika (7b) modaliti ni mbili, moja juu ya nyingine: yawezekana kwamba upo ulazima. Hakuna linaloweza kufutwa.

4.0 Lazima na sharti

Katika Kiingereza kitenzi "must" hutumika kwa wajibu na kwa kukisia, na mara nyingi ni muktadha unaoamua. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa umbo la kitenzi kinachofuata lazima:

(8) (a) agizo kwamba lazima wahame
 (b) dhana kwamba lazima watakuwa wamehama

Wajibu huchukua hali tegemezi, nayo makisio huchukua njeo. Nomino husaidia utengano huo: tungo agizo kwamba lazima watakuwa wamehama haikubaliki kwa maana ya makisio, kwa kuwa makisio hayaagizwi. Kwa sababu hiyohiyo huenda haliwezi kufuata agizo.

Sharti lina sifa nyingine. Ni nomino, kama katika (2), lakini pia hutumika mbele ya kitenzi kama lazima: sharti wahame. Kwa hiyo mpaka baina ya nomino na neno la modaliti katika Kiswahili si mnene. Ndiyo maana sharti kwamba wahame inatosha bila ya neno la kuongezea.

5.0 Ukanushi

Hapa ndipo athari ya uchaguzi wa umbo huonekana waziwazi zaidi:

(9) (a) uamuzi kwamba wasihame
 (b) uamuzi kwamba si lazima wahame

Tungo (9a) inakataza. Tungo (9b) inaondoa ulazima na kumwachia mtu hiari. Kilichotokea kuanzia mwaka 2014 kinaelezwa na (9b). Raia mpya wa Mishamo hakukatazwa kwenda kuishi mkoa mwingine. Aliondolewa sharti la kufanya hivyo ndipo apate hati. Anayefupisha habari hiyo kwa (9a) anamfunga mtu mahali alipo, ilhali uamuzi ulimfungua. Na anayeandika uamuzi wa kutohama, akifuata mtindo wa (2b), hatoi nafasi ya kujua ni ipi kati ya maana hizo mbili iliyokusudiwa.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba nomino za utashi huipa hali tegemezi nguvu yake. Kwamba nomino za taarifa huuacha uzito kwa neno la modaliti. Kwamba nomino za pande zote mbili huamuliwa na umbo la kitenzi. Na kwamba nomino zenye modaliti ndani yake ama hupatana na neno lililo ndani ya kishazi, ama hupandana nalo. Uchunguzi zaidi wahitajika juu ya mgawanyo wa kwamba, ya kwamba na kuwa katika miundo hii.

Kwa mwalimu wa tafsiri na mwandishi wa matangazo ya umma, matokeo ni ya kivitendo. Kabla ya kuandika nomino kama tangazo au uamuzi, hana budi kujiuliza kama anaarifu, anaamuru au anaruhusu, kisha achague umbo la kitenzi litakalomwezesha msomaji kulijua hilo pasipo kuuliza ofisini.