Unapeleka oda kwa baiskeli ya umeme? Acha kupima upepo kwa kidole

Wauzaji wenzangu, leo siongelei picha za bidhaa wala namna ya kujibu mteja wa "bei gani". Naongelea upepo wa tairi. Najua wengi mnaona ni kazi ya fundi, hata mimi niliona hivyo mpaka nikalipa seti ya sahani.

Nauza vyombo vya jikoni, niko Tabata. Nilipochoka kumlipa bodaboda kila oda nikanunua baiskeli ya umeme ya mtumba yenye keria nzuri nyuma. Siku ya kwanza nikapita kituo cha mafuta, nikamwambia kijana wa upepo "jaza vizuri". Akajaza mpaka tairi ukiigonga inalia kama ngoma. Nikafurahi, baiskeli ikawa nyepesi kweli. Nikafunga seti ya sahani 24, nikaenda Kinyerezi. Kila tuta, kila rasta, naruka kwenye siti. Mteja anafungua boksi, sahani 3 zimepasuka. Nimezifunga mwenyewe na magazeti kila moja. Akakataa mzigo wote, na alikuwa na haki.

Nikasema basi, shida ni upepo mwingi. Nikatoa. Nimetoa kiasi gani? Sijui, nilibonyeza kwa kidole nikaona inatosha. Wiki ileile nikiwa na masufuria nyuma nikaingia kwenye shimo, nikasikia "ko!", mita 50 mbele tairi iko chini. Fundi alipotoa tyubu akanionyesha matundu mawili yamekaa sambamba, akaniuliza, "Ulikuwa na upepo kidogo?" Kumbe tairi ikiwa laini, ukigonga shimo inabonyea mpaka mwisho, tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu, inatoboka pande zote mbili kwa mpigo. Huo si msumari, ni upepo. Na rimu ilikuwa imeshajikunja kidogo.

Halafu kitu kingine nilikuja kukigundua baadaye. Siku zile za tairi laini betri ilikuwa inaisha mapema. Kinyerezi kwenda na kurudi nilizoea kubakiwa na mistari miwili ya chaji, ikawa unabaki mmoja, nikaanza kulaumu betri. Tairi laini inajikunja na kujikunjua kila inapozunguka, na nguvu ya kuikunja inatoka kwenye betri yako. Mota haikwambii kwamba inateseka. Kwenye baiskeli ya kawaida ungesikia kwenye mapaja, hii ya umeme inakaa kimya inakula chaji tu.

Sasa namba sahihi ni ipi? Hapa ndo watu wanataka niwaambie "weka 40" wakalale. Siwezi, maana tairi yako si yangu na mzigo wako si wangu. Lakini kuipata si ngumu.

Anza kwa kuinama. Pembeni ya tairi kuna maandishi yamechomoza kwenye mpira, futa vumbi usome. Yangu imeandikwa 26 x 2.10, na mbele yake 30–55 PSI, halafu 2.1–3.8 BAR. PSI na BAR ni vipimo viwili vya kitu kimoja, BAR 1 ni kama PSI 14.5. Ile namba ndogo ni chini ambako usishuke, ile kubwa ni juu ambako usipite. Wengi tunasoma ile kubwa tukidhani ndo maelekezo. Hapana, huo ni ukomo. Ni sawa na keria yangu iliyoandikwa MAX 25 KG, haina maana kila safari lazima nibebe kilo 25. Nyingine zimeandikwa MAX peke yake bila namba ya chini. Angalia na rimu pia, kuna rimu zina ukomo wake, na ukikuta wa rimu ni mdogo kuliko wa tairi, fuata wa rimu.

Wenye tairi nene, zile za inchi 4 kama za pikipiki, mtakuta namba zenu ndogo sana, nyingi haziendi zaidi ya PSI 30. Msishtuke. Tairi nene ina nafasi kubwa ya hewa, inabeba mzigo kwa upepo mdogo. Tairi nyembamba ndo inataka upepo mwingi. Kwa hiyo usichukue namba ya rafiki yako mwenye tairi tofauti ukaiweka kwako, utaharibu.

Kinachofuata ni uzito. Jumlisha wewe, baiskeli na mzigo. Mimi nina kilo 70 (nilipanda ile mashine ya mtaani inayopiga kelele "pima urefu na uzito"), baiskeli na betri yake kilo 27, mzigo wa siku ya kawaida kilo 20. Jumla 117. Uzito huu haugawanyiki nusu kwa nusu. Nyuma ndiko nimekaa, nyuma kuna keria, na kama mota yako iko kwenye gurudumu la nyuma basi ndo kabisa. Kwa hiyo nyuma inataka upepo zaidi ya mbele. Vijana wa upepo wanajaza sawa kote, waambie wewe.

Baada ya hapo chukua rula. Kuna kanuni ambayo wapanda baiskeli wengi wanaitumia: ukishapanda na mzigo wako, tairi ishuke kama asilimia 15 ya kimo chake. Isiposhuka kabisa ni ngumu mno, ikishuka sana ni laini mno. Nilivyofanya mimi: baiskeli nimeiegemeza ukutani bila kitu, nikapima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa rimu, nikapata milimita 50. Asilimia 15 ya 50 ni 7.5. Halafu nikafunga mzigo kamili kwenye keria, nikapanda, nimeshika ukuta miguu iko kwenye pedali, mdogo wangu akapima tena palepale. Nilianza na PSI 35 nyuma, ikashuka milimita 10. Laini. Nikaongeza mpaka 42, ikashuka 8. Hapo nikaacha. Mbele nikafanya vilevile, nikaishia 34. Kazi nzima dakika kama 20, na mdogo wangu kucheka ndo kulichukua muda zaidi.

Namba hizo ni za mzigo wa kilo 20. Siku napeleka vijiko na visu tu nyuma naiacha 37 hivi, na vyombo vya kuvunjika vikiwa vichache napenda zaidi hiyo, maana tairi inameza mashimo badala ya kuyapeleka kwenye boksi. Masika barabara ikilowa natoa PSI 3 hivi kote, tairi ishike zaidi ardhi, ila sishuki chini ya namba ndogo ya kwenye tairi. Kwenye mchanga wa mitaani ni hivyohivyo. Ukirudi kwenye lami na mzigo mzito, rudisha.

Haya yote hayawezekani bila kipimo. Kidole hakijui tofauti ya 30 na 45, mimi nimejaribu, kote unaona ngumu. Nilinunua kipimo kidogo cha mkono kwa shilingi 12,000, bei ndogo kuliko zile sahani 3. Kabla hujanunua angalia mdomo wa tyubu yako. Baiskeli nyingi za umeme zina mdomo mnene kama wa gari na pikipiki, huo kipimo chochote cha gari kinaingia. Ukikuta mwembamba wenye kaskrubu juu unakolegeza kwanza, tafuta kipimo chake au kikofia cha kubadilishia. Ukikuta ule wa zamani wa baiskeli kama Phoenix, vipimo vingi haviwezi kuusoma, mwambie fundi akuwekee tyubu yenye mdomo mnene siku ya pancha inayokuja, kama tundu la rimu linaruhusu.

Pima asubuhi kabla hujatoka. Tairi iliyotembea, au iliyokaa juani saa saba mchana, hewa yake imepanuka, namba inaweza kupanda PSI 3 au 4. Watu wanapima mchana, wanaona imezidi, wanatoa, kesho asubuhi iko chini. Usitoe upepo wa tairi ya moto, labda kama imepita ukomo. Na tairi nzima kabisa isiyo na pancha inapoteza PSI chache kwa wiki, mpira una tabia ya kuvujisha polepole. Mimi napima Jumatatu na Alhamisi. Wenye tairi nene pimeni mara nyingi zaidi, kwenu PSI 3 ni kitu kikubwa.

Kuhusu upepo wa kituo cha mafuta, kuwa makini jamani. Ile mashine imetengenezwa kwa ajili ya tairi za magari. Tyubu ya baiskeli ni ndogo, sekunde chache tu imejaa, sekunde chache zaidi inapasuka, na ikipasuka karibu na uso si mchezo. Omba ushike mwenyewe, bonyeza kidogo acha, pima, bonyeza tena. Pampu ya mkono au ya mguu nyumbani ni polepole lakini unaona unachofanya.

Ukishapata namba zako ziandike. Mimi nimeandika kwa marker kwenye plasta nikaibandika chini ya siti: MBELE 34, NYUMA 42, MTUPU 37. Kijana anayenisaidia kupeleka oda ana kilo 58, tumempimia zake, tumebandika pembeni, na akibadilishana zamu na mimi anajaza au anatoa kabla hajafunga mzigo. Kipimo kinakaa kwenye droo ya hela, maana nilikuwa nakiacha kwenye keria kikaanza kutembea na majirani.