Bunduki ya Wenzo na Masharti ya Mwindaji

Novemba, msimu wa kulungu wenye mkia mweupe unapofunguliwa katika misitu ya Pennsylvania au Maine, utawakuta wawindaji wamebeba bunduki ya wenzo ambayo muundo wake ni wa mwaka 1894. Si kwamba wamekosa nyingine. Mara nyingi kabatini kuna bunduki ya komeo yenye darubini, inayoweza kumwangusha mnyama aliye mita 300. Imeachwa nyumbani kwa sababu huku msituni hakuna mita 300 za kutazama. Miti imesongamana, kulungu anachomoza hatua 60 mbele yako, na ukipepesa macho ametoweka.

Kwa kazi hiyo bunduki ya wenzo haijapata mpinzani wa kweli. Ni nyembamba, ina uzito wa kilo 3 hivi, na haina komeo lililotokeza ubavuni la kunasa vichaka. Chini ya kifyatulio kuna kitanzi cha chuma, na hicho ndicho wenzo. Ukikisukuma chini, komeo hurudi nyuma, ganda tupu hutupwa nje, nyundo hutegwa, na kipande mfano wa ulimi huinua risasi mpya iliyotoka kwenye bomba lililolala chini ya mtutu. Ukikivuta juu, risasi imeshaingia chemba. Kitako hakijaondoka begani wala jicho halijaacha shabaha.

Bomba hilo lina gharama yake. Risasi hupangwa humo kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, palepale penye fataki. Kichwa kikiwa na ncha kali, mshtuko wa risasi ya kwanza unaweza kulipua risasi ndani ya bomba. Ndiyo maana risasi maarufu ya bunduki hizi, .30-30, kwa desturi ina pua butu. Na pua butu hupambana vibaya na hewa, kwa hiyo ikipita mita 150 au 200 huanza kuchoka. Kampuni ya Hornady baadaye ilileta ncha laini inayobonyea, ikasogeza mpaka huo kidogo. John Browning, aliyechora bunduki ya 1894 kwa ajili ya Winchester, alikuwa na jibu lake mapema zaidi: mwaka uliofuata ilitoka nyingine yake yenye kisanduku badala ya bomba. Rais mstaafu Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 alikuwa nayo, na kwa simba hakuona ya kuilinganisha nayo.

Lakini bunduki ya 1894 haikuwa ya marais. Ilinunuliwa na wakulima na wakata magogo, watu wa bunduki moja maishani, na zaidi ya milioni 7 zilitengenezwa. Marlin, jirani wa Winchester mjini New Haven, Connecticut, naye aliwalenga watu haohao. Kwake ganda hutokea ubavuni badala ya juu, na hilo likawa neema darubini zilipoenea, maana juu palikuwa wazi pa kuzifungia.

Hapa ndipo watu hukosea wanaposema mwindaji anapenda ukale. Mwaka 1964 Winchester, ikibanwa na gharama za mafundi, iliacha kuchonga baadhi ya vipande kwa chuma kizima, ikaweka vya bati lililokatwa na kukunjwa. Bunduki ilipiga kama kawaida. Ila ule ulimi wa kuinua risasi ulicheza mkononi, na mnunuzi akasikia tofauti kabla hajafyatua. Rahisi huvunja upishi. Hadi leo, iliyotoka kabla ya 1964 huuzwa ghali kuliko mdogo wake.

Somo hilo halikumfikia aliyelihitaji. Remington iliinunua Marlin, ikafunga kiwanda cha Connecticut na kuhamishia kazi Ilion, New York. Mitambo ilihama, lakini mikono iliyoijua ilibaki nyuma. Wateja wakaanza kulalamikia vilenga shabaha vilivyokaa upande na mbao zilizoachana na chuma. Hawakuikimbia bunduki ya wenzo, ila wengi waligeukia kampuni ya Henry, au Rossi ya Brazil inayonakili muundo wa 1892 kwa bei ya kawaida. Remington ilipofilisika mwaka 2020, Ruger ikaichukua Marlin, na bunduki ya kwanza haikutoka hadi mwishoni mwa 2021. Kwa maoni yangu mwaka huo wa ukimya ndio ulioiokoa chapa: walikaa kwanza wakapanga upya namna ya kukereza vipande.

Hata hivyo, penye duka la bunduki zilizotumika, mnunuzi wa Marlin bado huinama kwanza kuutazama ubavu wa mtutu, akitafuta herufi mbili ndogo za kiwanda cha zamani, JM, kabla hajauliza bei.