Malezi ya Mtoto Mchanga (3): Manjano, Jua la Asubuhi na Taa ya Bluu

Wiki iliyopita tulizungumzia kitovu. Leo tunaingia kwenye jambo linalowatia wazazi wapya hofu kubwa zaidi: mtoto kazaliwa salama, ananyonya, na siku ya tatu macho yake yanaonekana ya njano.

Kwanza tulieni. Kati ya watoto 10 waliozaliwa kwa wakati, takriban 6 hupata manjano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti ni takriban 8. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu za damu nyingi, kwa kuwa tumboni alitegemea oksijeni ya mama. Akianza kuvuta hewa mwenyewe, za ziada huvunjwavunjwa, na mabaki yake ni rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini ndilo la kuiondoa, lakini ini hilo bado changa. Rangi hujikusanya, hufika kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha kwa wengi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili.

Hatari iko kwenye hesabu hiyo ya siku. Akina mama wengi waliojifungua bila matatizo huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa 24. Manjano yanapopanda, mtoto hayuko tena mbele ya muuguzi. Yumo chumbani, mapazia yameshushwa, hasa pale familia inaposhika arobaini kikamilifu, na mwanga wa balbu huficha njano. Basi mchana mleteni dirishani. Tazameni weupe wa macho na fizi. Bonyezeni paji la uso taratibu kwa kidole, mwachie, muone rangi iliyobaki. Kisha geuzeni viganja na nyayo, kwani njano huanzia usoni ikashuka chini. Ikishafika nyayoni, msisubiri kupambazuke.

Bilirubini ikizidi mno hupenya hadi kwenye ubongo. Mtoto hulegea, hukataa titi, hulia kwa sauti nyembamba, hupinda mgongo kwa nyuma. Akinusurika anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo maisha yake yote. Inaumiza, kwa sababu karibu kila mara madhara hayo yangezuilika kwa kipimo cha damu na taa.

Taa hiyo ina historia yake. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa njiti nje wapate jua. Aliona ngozi ya mtoto mmoja imepoteza njano, isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaifuatilia habari hiyo, wakaunda taa, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo. Mwanga wa bluu huibadili bilirubini ikaweza kutoka mwilini bila kulisubiri ini.

Kwa hiyo bibi anayesema mtoto aanikwe jua la asubuhi hajabuni jambo. Lakini jua halina kipimo: dakika chache hazitoshi, na muda mrefu huunguza ngozi na kumkausha mtoto maji. Baya zaidi, siku mbili za kuanika ni siku mbili za kuchelewa hospitali.

Wapo wanaohitaji uangalizi zaidi: mtoto wa mama mwenye damu ya kundi O au Rhesus hasi, na mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea kwenye maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwamo. Kwa huyu, hata vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini vinaweza kuvunja damu ghafla. Nguo zilizohifadhiwa navyo asivalishwe.

Nyumbani, mnyonyesheni mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Maji ya glukosi hayasaidii. Humjaza tumbo akaacha maziwa, na maziwa ndiyo yanayomfanya apate choo kinachotoa rangi hiyo.

Njano ikionekana kabla ya saa 24 kutimia, au mtoto akilegea, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Ikipita wiki mbili na choo ni cheupe, huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi kabla ya siku 60. Akina baba, msiuachie moyo wa mama peke yake uamuzi huu: tafuteni usafiri, mwende wote.