Maneno madogo ya Kiingereza yanayokwamisha barua zetu

MSOMAJI, chukua barua yoyote ya Kiingereza iliyomo nyumbani mwako. Pengine ni ya shule kuhusu karo, ya mwenye nyumba kuhusu kodi, au ni ile ambayo kijana wako ameandika kuomba kazi bandarini. Tafuta ndani yake maneno "in", "on", "at", "to", "for", "by" na "with". Bila shaka utayapata karibu katika kila mstari.

Maneno haya huitwa vihusishi. Kihusishi kikifuatwa na nomino, huunda kirai kihusishi, kama vile "at the post office", "by Friday" au "with a pen". Virai hivi ndivyo vinavyomweleza msomaji jambo lilitendeka wapi, lini, kwa ajili ya nani na kwa kutumia nini. Vikikosewa, anayesoma hulazimika kukisia, na mwajiri mwenye rundo la barua mezani hana wakati wa kukisia.

Wanafunzi wetu wengi hapa Mombasa hawakosei kwa sababu ya uvivu. Huwaza kwa Kiswahili, nacho Kiswahili kina njia yake ya kufanya kazi hiyo hiyo. Makosa mengi hutokana na tofauti hiyo.

"-NI" MOJA, MANENO MENGI

Mtu akikwambia, "Nilimwona darajani", akimaanisha daraja la Nyali, hujui kama mtu huyo alikuwa juu ya daraja, karibu nalo au chini yake. Kiambishi "-ni" hubeba yote hayo. Mwenye kuandika Kiingereza hana budi kuchagua: "on the bridge", "at the bridge" au "under the bridge".

Hata hivyo, usidhani kwamba Kiswahili hakijui kutenganisha mahali. Sisi tuna yupo, yuko na yumo. Aliyemo sokoni Marikiti yuko ndani hasa, na Mwingereza atasema "in the market". Aliyepo pale, mahali panapojulikana, ni "at the market". Mfundishe mtoto ajiulize kwanza: ni "yumo" au ni "yupo"? Swali hilo halimalizi kila shida, lakini litamwonyesha pa kuanzia. "On" nayo huhitajika kitu kinapokuwa juu ya kingine au kikigusa uso wake.

Hebu tuufanyie mji wetu zoezi. Mji ni "in Mombasa", lakini kisiwa ni "on Mombasa Island". Ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 ni "at Fort Jesus" ikiwa ndipo mtakapokutana, na ni "in Fort Jesus" ikiwa tayari mmo ndani ya kuta zake. Nyumba ya Mji wa Kale itakuwa "on Ndia Kuu".

Hapa Kenya wengi huandika kwamba duka liko "along Digo Road". Matumizi haya yameenea hata magazetini. Lakini "along" hufaa zaidi kwa kitu kinachokwenda au kilichotandaa: watu wanatembea "along Digo Road", na miti imepandwa "along Digo Road". Duka moja halitembei wala halikutandaa. Katika barua rasmi, andika "on Digo Road".

Vyombo vya usafiri navyo vina utaratibu wake. Kile unachoweza kusimama na kutembea ndani yake kwa kawaida huchukua "on": "on the bus", "on the Likoni ferry". Kidogo cha kuketi tu huchukua "in": "in a taxi", "in a tuktuk".

KILICHOFICHWA NDANI YA KITENZI

Tunasema "namwandikia mwalimu" au "walikimbilia msikitini". Ile "-ia" ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ya kihusishi. Kiingereza hukitoa nje kikasimama peke yake: "write to", "run to".

Ndiyo maana mwanafunzi huandika "I am waiting you" au "listen me". Katika "nakungoja" na "nisikilize" hakuna neno la ziada, naye haoni sababu ya kuliongeza. Kiingereza sanifu ni "waiting for you" na "listen to me".

Kuna pia kosa la kinyume chake, la kuongeza kihusishi pasipohitajika. Tunasoma "discuss about the fees", "request for an interview" na "emphasise on discipline". Vitenzi hivi havihitaji chochote: "discuss the fees", "request an interview", "emphasise discipline". Kinachotuchanganya ni kwamba nomino zake huhitaji kihusishi: "a discussion about fees", "a request for an interview", "emphasis on discipline". Ikiwa neno ni kitenzi, liache lilivyo; ikiwa ni nomino, liongezee.

Dawa ni kujifunza kitenzi pamoja na kihusishi chake, kana kwamba ni neno moja: "apply for", "result in", "depend on". Asiyefanya hivyo ndiye huandika "result to".

KIRAI KIKIKAA PASIPO PAKE

Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, aliipa jina Mabepari wa Venisi, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Hapo "of" imekuwa "wa" ili ipatane na mabepari. Lingekuwa soko, tungesema "la", na kingekuwa kisiwa, "cha". "Of" ya Kiingereza haibadiliki kamwe.

Tofauti hii ina gharama yake. Tuseme fundi wa samani za nakshi anatangaza kwa Kiingereza: "Beds for children with carved legs". Je, ni nani mwenye miguu ya nakshi? Kwa Kiswahili hakuna utata, kwani "vitanda vyenye" si "watoto wenye". Kiingereza hutegemea mpangilio tu, kwa hivyo kirai kikae karibu na neno kinaloeleza: "Beds with carved legs for children".

TAREHE ZINAZOKUFUNGA

Katika barua za pesa, kihusishi kimoja chaweza kukuingiza hasarani. Ukiambiwa ulipe "by Friday", Ijumaa yenyewe imo. "Before Friday" ina maana kwamba Alhamisi ndiyo mwisho. "Until Friday" huonyesha jambo linaloendelea hadi siku hiyo, kwa mfano ofisi kuwa wazi. Kwa kuwa sisi husema "mpaka Ijumaa" kwa yote mawili, wengi huandika "I will pay until Friday" wakitaka kusema "by Friday".

Ilani nyingi husema "within 7 days of the date of this letter". Soma vizuri. Siku zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku uliyoifungua. Barua ya tarehe 3 iliyokufikia tarehe 8 inakuachia mpaka tarehe 10. Ingesema "within 7 days of receipt", ungehesabu tangu ulipoipokea. Ikiwa ni shauri la nyumba au la mahakama, mwone wakili mapema.

Mzazi, zoezi la kumsaidia mtoto halina gharama. Chukua habari fupi katika gazeti la Kiingereza, uinakili huku ukiacha nafasi tupu penye vihusishi, kisha mpe mtoto azijaze. Linganisheni majibu na gazeti, na kwa kila kosa aandike sentensi mbili zake mwenyewe. Naye kijana anayeomba kazi apigie mstari kila kihusishi katika barua yake, akihakikishe katika kamusi, ndipo aitie barua ndani ya bahasha.