KUHAMA NYUMBA: KILA MUTU NA MUZIGO WAKE



Buletini yetu imezoea kuongea juu ya masomo, michezo na kwaya. Leo tunaongea juu ya jambo la nyumbani: namna ya kuhama bila kupoteza vitu na bila kuvivunja. Sababu iko wazi. Hapa Bukavu, mwaka wa masomo unaisha wakati mvua nayo imekwisha. Kutoka mwezi wa sita hata mwezi wa nane jua linawaka, njia zinakauka, na wazazi wengi wanangojea wakati huo ili wahame. Wengine wanahama juu kodi imepanda, wengine juu udongo umeanza kuteremuka nyuma ya nyumba, wengine wamemaliza kujenga kwao. Na nani anabeba? Ni sisi wanafunzi, tuliorudi kwa vakanse. Basi ni vizuri tuijue kazi yenyewe.

Watu wanafikiri vitu vinapotea njiani, kwa mwizi. Kweli, mwizi iko. Lakini ukiangalia vizuri, vitu vingi vinapotea kwenye milango miwili: mulango wa nyumba ya zamani na mulango wa nyumba mpya. Pale watu wanaingia na kutoka, kila mutu anashika kile anachoona. Jioni mama anauliza: «Sufuria kubwa iko wapi?» Mumoja anajibu: «Nilifikiri Yaya ameibeba.» Yaya anajibu: «Mimi nilifikiri ni wewe.» Hiyo «nilifikiri» njo inamaliza vitu vya nyumba.

MUFANO KATIKA BIBLIA

Ukitaka kujua namna ya kuhama, soma kitabu cha Hesabu, sura ya 4 na ya 7. Waisraeli walihama mara nyingi jangwani, na kila mara walipaswa kuvunja Hema ya kukutania na kuisimamisha tena mahali pengine. Kazi iligawanywa. Wana wa Gershoni walibeba mapazia na vifuniko. Wana wa Merari walibeba mbao, nguzo, vigingi na kamba. Wana wa Kohathi walibeba vyombo vitakatifu, lakini kwanza Haruni na wana wake walivifunika vyote. Tena magari ya kukokotwa na ng'ombe yalikuwa sita: Gershoni walipewa mawili, Merari walipewa manne juu muzigo wao ulikuwa muzito, na Kohathi hawakupewa hata moja, juu vyombo vitakatifu vilibebwa kwa mabega.

Tunaona pale mambo manne: kila mutu anajua muzigo wake, kitu kinafunikwa mbele ya kubebwa, gari linatolewa kufuatana na uzito, na kitu cha bei kubwa kabisa hakiwekwi katika gari, mutu anakibeba mwenyewe. Sasa tuyafuate mambo hayo nyumbani kwetu.

1. DAFTARI MBELE YA KAMBA

Siku mbili tatu mbele ya kuhama, wewe unayejua kuandika, chukua daftari na biki. Kila kartoni, kila gunia, kila sanduku, uliandikie namba kubwa pembeni. Katika daftari andika namba ile na vitu vilivyo ndani. Mufano: «Namba 7: sufuria 4, vifuniko 3, miiko 2.» Kisha piga mistari miwili ya kusimama: upande mumoja «Imetoka», upande mwingine «Imefika».

Siku yenyewe, mutu mumoja asimame kwenye mulango wa zamani, mwingine kwenye mulango mupya. Hawa wawili hawabebi kitu. Watu watawacheka kwamba wanakwepa kazi, lakini kazi yao njo inashinda zote. Wa kwanza anaandika kila kitu kinachotoka na nani amekibeba. Wa pili anaandika kila kitu kinachofika. Kama iko telefone, wanaulizana baada ya kila safari.

Faida ya daftari si kulinda mali tu. Tunajua wote namna inavyokuwa kitu kikikosekana: macho yote yanageukia muboyi, ao mubeba mizigo, ao mutoto wa ndugu aliyekuja kukaa kwenu juu hana wazazi. Hakuna aliyemuona akiiba, lakini jina lake linatajwa la kwanza, na pengine anafukuzwa. Kisha mwezi unapita, kitu kinapatikana chini ya magunia. Na yule mutoto, nani atamurudishia jina lake? Daftari inamulinda mwenye mali, lakini zaidi inamulinda mutu asiye na wa kumutetea. Kwa hiyo ni kazi ya mukristo.

2. KARATASI ZINABEBWA KWA MABEGA

Kitanda kikivunjika, fundi iko. Karatasi ikipotea, ni taabu ya miaka. Kusanya mahali pamoja: hati za kuzaliwa, hati ya ndoa, kadi za ubatizo, karte za uchaguzi, buletini na diploma, karatasi za kiwanja, mapatano ya nyumba na risiti za kodi, na karatasi za chanjo za watoto wadogo. Zitie katika mufuko wa plastiki, ufunge vizuri, kisha utie ndani ya sakoshi ambayo baba ao mama anaivaa mwenyewe tangu asubuhi hata usiku. Haiwekwi katika gari, haipewi mutu «ashike kidogo».

Mwenzetu mumoja wa finalisti aliona mateso juu ya jambo hilo. Buletini zake zilifungwa pamoja na magazeti ya zamani katika kartoni moja isiyo na namba. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya, watu walitafuta kitu cha kuwashia moto, wakaona magazeti. Maharagi yaliiva. Lakini wakati wa kutayarisha dosie ya Mutihani wa Serikali alizunguka majuma mengi, kutoka shule moja hata nyingine, akiomba waandike tena pointi zake.

3. NAMNA YA KUFUNGA

Sahani: zisimamishe kwa ubavu, sawa vitabu katika kabati, musizilaze moja juu ya nyingine. Ikilazwa, ya chini inabeba uzito wa zote. Katikati mutie vikwembe ao majani makavu ya migomba. Hivi nguo zinahama na sahani zinalindwa, kwa safari moja.

Vitabu: karatasi ni nzito kuliko tunavyofikiri. Rimu moja ya karatasi 500 za A4 ina karibu kilo 2 na nusu. Kartoni ya rimu kumi ni kilo 25, ni kusema inapita bidoni ya maji ya lita 20. Basi vitabu viende katika kartoni ndogo, na kartoni kubwa zibaki kwa nguo na mito.

Kitanda: ukikifungua, bulo zote zitie katika kopo ndogo na ulifunge kwa kamba juu ya ubao wa kitanda kile kile. Andika alama kwenye mbao: A na A, B na B. Na kama kunguni wako, usihame nao. Mwanga maji yanayochemuka katika viungo vya mbao, kisha uanike juani. Kunguni hawavumilii joto kali.

Matela: mvua inaweza kushangaza hata katika kiangazi. Matela ya musu ikilowana inakunywa maji, na kila lita ya maji ni kilo moja. Ifunike kwa bashi ya plastiki na uifunge kwa kamba pande zote.

Frigo: ibebwe imesimama. Kama imelazwa, isiwashwe mara inapofika. Ingoje usiku muzima ikiwa imesimama, juu mafuta ya mota yanapaswa kurudi mahali pake.

Bateri ya pano ya jua: ondoa nyaya, funika vichwa vyake viwili vya chuma ili visiguse chuma kingine, na uibebe imesimama. Bateri ya maji ikiinama, asidi inamwangika, inachoma ngozi na kutoboa nguo. Kioo cha pano kifunikwe na blanketi.

Mbabula: usiifunge asubuhi ile ile umepika chai. Kala linaweza kulala chini ya majivu, linaonekana limekufa, kumbe liko zima, na likikutana na matela tutaongea mengine. Mwanga majivu, ongeza maji, ngoja.

Petroli na sabuni visikae karibu na unga, chumvi wala mafuta ya mawese. Harufu ya petroli ikiingia katika unga, hata nguruwe anakataa.

4. NJIANI

Muji wetu ni wa milima. Katika Kadutu na Panzi ziko nyumba nyingi ambazo gari haliwezi kuzifikia. Litasimama juu barabarani, na vitu vitateremuka kwa kichwa na mugongo. Basi siku mbele, pita katika njia ile wewe mwenyewe, uangalie ngazi, mifereji na pembe nyembamba. Pima kabati kwa kamba, kisha pima mulango wa nyumba mpya kwa kamba ile ile. Wengine wamefikisha kabati salama na likalala inje.

Patana bei na wabeba mizigo mbele ya kuanza, kwa kazi yote, na mushahidi akiwa karibu. Mutu asitembee peke yake na muzigo: mumoja wa jamaa amufuate nyuma, si kwa kumushuku, lakini kwa kumusaidia kwenye telezi. Muwape maji ya kunywa. Na musingoje usiku ili kuwalipa.

Katika kamio, vitu vizito vikae chini na mbele, karibu na kabina, vyepesi juu. Gari lenye uzito juu linapinduka upesi kwenye kona, fizikia inatufundisha hivyo. Mutoto asikae juu ya mizigo ili «ashikilie». Kamba njo inashikilia.

Kuna jamaa wanaohama kwa njia ya ziwa, kwenda Goma ao Idjwi. Hapa tuseme kwa sauti: uhai mbele ya vitu. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kipimo, na wengi walikufa. Kama chombo kimejaa, acha kiende. Kitanda kinaweza kungoja kesho.

5. NYUMBA YA ZAMANI NA NYUMBA MPYA

Nyumba mukiiacha, muifagie. Kisha mutembee ndani yake pamoja na mwenye nyumba, mukiandika hali ya milango, vioo, bati na choo, na wote wawili watie sahihi. Bila karatasi hiyo, garanti inaleta magomvi. Wazazi wajue tena kwamba sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipiti kodi ya miezi 3. Wengi wanatoa zaidi juu hawajui.

Katika nyumba mpya, kazi ya kwanza ni kubadilisha kufuli na kitasa, juu haujui funguo ngapi zinatembea inje. Kazi ya pili ni kuangalia bati mbele ya mwezi wa tisa: ingia muchana, funga mulango na madirisha, tazama juu. Mahali jua linapopita, mvua nayo itapita. Kazi ya tatu, kama nyumba ni ya mbao, chagueni mahali pa mbabula na taa mbali na ukuta na pazia. Moto wa nyumba ya mbao haubishi hodi, na unapita kwa jirani upesi.

Mwisho, kikapo cha usiku wa kwanza. Kifungwe cha mwisho, kishuke cha kwanza. Ndani: tochi, viberiti, sabuni, sufuria moja, unga, chumvi, dawa za mutu mugonjwa, musketere, blanketi ya mutoto, na Biblia. Hivi hata kartoni zote zikibaki zimefungwa, jamaa watakula, watasali na kulala.

Ndugu na dada, wazazi wetu walikusanya vitu hivi kidogo kidogo, sahani moja mwaka huu, kiti kimoja mwaka ule, na pengine walilala njaa ili sisi tununuliwe vitabu. Kuvihamisha vizuri ni namna moja ya kusema asante. Hatuna franga za kuwasaidia, lakini tuna biki na daftari. Kesho ukisikia baba anasema «tutahama», usingoje kuitwa. Andika namba 1.

 

Kapita wa wanafunzi